Sauti Yangu, Kumbe Ndiyo Hii!

(Mazungumzo ya mlezi wa kikundi, mwalimu mstaafu, katika mkutano wa kuadhimisha miaka kumi, Muheza. Yamechapwa kama yalivyosemwa, isipokuwa pale palipofupishwa.)



Kwanza kabisa namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku hii. Miaka kumi si siku kumi. Tulianza na sanduku moja, kufuli tatu na daftari moja, na wapo waliosema hatutafika Idi. Leo mnaona wenyewe. Haba na haba hujaza kibaba. Habari za hisa, mikopo na faida atazisoma Mweka Hazina, nami sitamwingilia kazi yake.

Mimi nimepewa nusu saa nizungumzie jambo litakalotufaa katika miaka kumi ijayo. Nimechagua sauti. Si sauti ya kuimba kwaya au kaswida, hapana. Nasema hii sauti ya kila siku, ambayo mtu anazaliwa nayo, anaitumia maisha yake yote, halafu siku anapoisikia kwenye simu anaikana kama mwizi aliyekamatwa na kuku. (Vicheko)

Najua wengine mnajiuliza: sauti na akiba vinahusiana wapi? Subirini kidogo, tutafika.

Sababu ya kuchagua jambo hili ni hii. Mwezi uliopita Kamati ya Maandalizi iliamua kurekodi kwa simu maneno ya waanzilishi wetu, ili wajukuu waje kujua kikundi kilianzaje. Kazi ilionekana nyepesi. Mama anakaa chini ya mwembe, anasimulia dakika kumi, Katibu anashika simu. Katika kusimulia hakukuwa na shida hata kidogo. Shida ilikuja waliporudishiwa wakajisikia. Kati ya waanzilishi tisa, wanne waliomba zifutwe papo hapo. Mmoja alisema, "Huyu si mimi, huyu mtoto analilia uji." Mwingine akauliza, "Mbona nasikika kama nimebanwa pua?" Wa tatu, tena huyu ni msemaji wetu mkubwa barazani, alijifunika kanga uso mzima akasema, "Kumbe siku zote hizi mnanivumilia!"

Tulicheka sana. Lakini tukumbuke kwamba mwaka juzi mwanzilishi mwenzetu mmoja alitangulia mbele ya haki. Picha zake tunazo. Dole gumba lake limo katika daftari la kwanza. Sauti yake hatunayo hata ya dakika moja, na binti yake ameniuliza mara mbili kama kuna mahali ilibaki. Kwa hiyo jamani, hili si la kuchekesha tu.

SAUTI MBILI ZA MTU MMOJA

Hebu tufanye jaribio. Kila mmoja azibe masikio yote mawili kwa vidole. Na wewe Mgeni Rasmi, usione haya. (Vicheko) Sasa funga mdomo, useme "mmmm". Mnasikia? Masikio mmeyaziba, lakini sauti yako haikupungua. Imezidi, tena imekuwa nzito, inavuma kama uko ndani ya mtungi. Lakini jirani yako naye anasema "mmmm", na yake unaisikia kwa mbali.

Haya, toeni vidole. Niwaeleze kinachotokea.

Kooni mwetu mna nyuzi mbili ndogo za nyama. Pumzi inapopanda kutoka mapafuni, nyuzi hizo hutetemeka, na mtetemo huo ndio mwanzo wa sauti. Kwa mwanamke mtu mzima hutetemeka kiasi cha mara 200 kwa sekunde moja. Kwa mwanamume, ambaye nyuzi zake ni ndefu na nene zaidi, ni kiasi cha mara 110 au 120. Kwa mtoto mdogo ni mara nyingi zaidi kuliko za mama yake. Ndiyo maana sauti zetu ni nyembamba kuliko za akina baba. Ni urefu wa nyuzi tu, si udogo wa akili.

Sasa mtetemo ule hushika njia mbili. Njia ya kwanza ni ya nje: unatoka mdomoni, unapita hewani, unaingia masikioni mwa kila aliye karibu, pamoja na masikio yako mwenyewe. Njia ya pili ni ya ndani: unapita katika taya na mifupa ya kichwa mpaka ndani kabisa ya sikio. Mifupa hupitisha vizuri zaidi mivumo mizito kuliko ile myembamba. Kwa hiyo wewe msemaji unaletewa sauti mbili zilizochanganywa, ya hewani na ya mifupani, na mchanganyiko huo ni mnene, una uzito. Sisi wengine tunapata ile ya hewani peke yake. Na simu nayo, kama ilivyokuwa redio kaseti, inanasa ile ya hewani peke yake.

Anayetaka mfano wa jikoni atafune karanga. Kichwani mwako kuna kishindo kama cha wanaotwanga kisamvu, lakini aliyekaa karibu nawe anasikia kidogo tu. Wewe unazisikia kwa mifupa, yeye anazisikia kwa hewa.

Kwa hiyo mama anaposema "huyu si mimi", simu haikumsingizia. Sauti ile ndiyo tuliyoijua sisi siku zote. Ndiyo aliyoisikia baba watoto akaleta posho. (Vicheko, makofi) Ndiyo mtoto anayoitambua gizani akanyamaza kulia. Ndiyo wateja wako wa maandazi wanayoifuata asubuhi. Mtu pekee katika mtaa mzima asiyeizoea ni wewe mwenyewe. Wahenga walisema nyani haoni kundule. Basi na msemaji naye haisikii sauti yake ilivyo.

Tena jambo hili ni geni kwa binadamu wote. Kabla ya mwaka 1877, Mmarekani Thomas Edison alipotengeneza mashine ya kwanza ya kunasa sauti na kuirudisha, mtu alikuwa hana namna ya kujisikia kutoka nje isipokuwa kwa mwangwi wa milimani. Wazee wetu wa Usambara waliishi, wakaamua mashauri, wakaoza mabinti, wakafa, bila hata mmoja kuambiwa na mashine kuwa sauti yake ni mbaya. Sisi ndio tuliopata mtihani huu, na sasa uko ndani ya simu ya kila mtu.

KWA NINI TUNASHTUKA

Wataalamu wamelichunguza jambo hili. Mwaka 1966 Wamarekani wawili, Philip Holzman na Clyde Rousey, waliandika juu ya watu wanaosikilizishwa sauti zao wenyewe. Waliona kwamba mshtuko hauletwi na kukosekana kwa ule uzito wa mifupani peke yake. Mtu hushtuka pia kwa sababu anasikia mambo ambayo hakujua kuwa yanatoka pamoja na maneno: woga wake, uchovu wake, huzuni, hasira, hata majivuno. Wakati wa kusema alikuwa anashughulika na maneno. Wakati wa kujisikiliza anakutana na moyo wake.

Mwaka uliofuata Holzman na wenzake waliandika tena, safari hii juu ya watu wenye lugha mbili. Waliojifunza lugha ya pili wakiwa wamekwisha kupita miaka 16 walisumbuka zaidi kujisikia katika lugha yao ya kwanza kuliko katika ile ya pili. Hapa nawaangalia bibi zangu walioshuka kutoka milimani wakiwa wakubwa, na Kiswahili cha shughuli wakajifunzia huku chini. Lugha uliyoitumia kumlilia mama yako iko karibu zaidi na ini. Bibi akijisikia kwa Kisambaa akajifuta machozi, tusimcheke.

Lakini uchunguzi ulionifurahisha zaidi ulitoka mwaka 2013. Wamarekani wengine, Susan Hughes na Marissa Harrison, walichukua watu 80, wanawake kwa wanaume. Waliwapa sauti za watu mbalimbali wazisikilize na kusema ipi inapendeza. Hawakuwaambia kuwa katika zile sauti na zao wenyewe zimo. Mnajua ilikuwaje? Watu wale walizipa sauti zao wenyewe sifa kubwa kuliko sifa walizopewa na wenzao. Tena walizipa sifa kuliko walivyozipa sauti za wengine!

Akina mama, shikeni neno hilo. Mtu asipojua kuwa sauti ni yake, anaisifu. Akijua ni yake, anaikataa. Sauti ni ile ile, koo ni lile lile. Kilichobadilika ni nini? Ni hukumu. Tunajihukumu kwa ukali ambao hatungemhukumia mwenzetu hata siku moja. Mwenzako akisema kwa sauti ya kutetemeka unamhurumia, unasema "maskini, limemgusa". Ya kwako ikitetemeka unataka ardhi ipasuke.

SIKIO HUONGOZA ULIMI

Kuna na mambo mengine mawili, nitayapitia kwa haraka.

Mwaka 1911 daktari mmoja Mfaransa, Étienne Lombard, alionyesha kwamba mtu akiwekwa penye kelele hupandisha sauti bila yeye kujua, na kelele zikikoma huishusha. Nendeni stendi mkawaone vijana wanaouza machungwa madirishani. Injini ikinguruma, wanapaza. Ikizimwa, wanashuka. Hakuna aliyewafundisha. Masikio yao yanaitafuta sauti yao, na koo linatii.

Mwaka 1950, Mmarekani Bernard Lee alieleza jambo jingine. Ukimfanya mtu aisikie sauti yake imechelewa kidogo tu, kiasi cha sehemu moja ya tano ya sekunde, anababaika. Anarudia silabi, anakokota maneno, wengine wanakwama kabisa, hata kama siku zote ni wasemaji wazuri.

Kwa nini nawaambia haya? Kwa sababu wengi wetu siku ya kwanza kushika kipaza sauti katika ukumbi mkubwa, sauti inakwenda ukutani inarudi imechelewa, ulimi unajikwaa, basi mama anakaa chini na kusema, "Mimi si mtu wa mbele za watu." Siyo wewe. Ni ukumbi! Nenda polepole, tua mwisho wa sentensi, iache sauti ifike na kurudi ndipo uendelee. Na simu ikikurudishia maneno yako unapoongea na mwanao aliyeko mbali, kata upige tena.

SAUTI NA SANDUKU LETU

Sasa tumefika mahali nilipoahidi.

Utaratibu huu wa vikundi vya hisa na sanduku tunaoufuata ulianzia nchini Niger mwaka 1991, huko Maradi, shirika la CARE lilipofanya kazi na akina mama wa vijijini. Wengi wao hawakujua kusoma wala kuandika. Benki ilikuwa mbali nao kwa kila namna. Waliweka fedha yao kwa vitu viwili. Cha kwanza ni sanduku na kufuli zake na washika funguo wake, na hicho kila mtu anakiona. Cha pili ni sauti na kumbukumbu. Mkutano unapofungwa, fedha inayobaki inahesabiwa mbele ya watu na kiasi kinatamkwa kwa sauti. Wanachama wanakishika kichwani. Mkutano unaofuata, kabla ya mambo mengine, mwenyekiti anauliza: "Tuliacha shilingi ngapi?" Wanachama wanajibu. Ndipo fedha inahesabiwa kuona kama inalingana na kilichosemwa.

Sisi nasi tunafanya hivyo hivyo kila Jumamosi, na tumezoea hata hatuoni maana yake. Maana yake ni kwamba mlinzi wa fedha yetu ni sauti zenu. Kufuli la chuma linazuia mwizi wa usiku. Kosa la mchana, la kalamu au la muhuri, linazuiwa na mtu anayesema, "Samahani Mwenyekiti, hapo pana kosa." Asiposema mtu, kufuli zote tatu hazina kazi.

Nitoe mfano, bila jina, na mwenyewe ameniruhusu. Katika mwaka wetu wa tatu, mwanachama alinunua hisa tano, daftari lake likagongwa mihuri mitatu. Aliona pale pale. Akanyamaza. Akabeba jambo lile kifuani miezi saba, mpaka wiki ya mgao, ndipo akamnong'oneza Mwenyekiti pembeni. Bahati nzuri katika daftari la Katibu hisa tano zilikuwa zimeandikwa, akapata haki yake. Alipoulizwa kwa nini hakusema siku ile, alijibu: "Sauti yangu ikipanda mbele za watu inatetemeka. Wangedhani nimekuja kulia."

Miezi saba, kwa jambo la nusu dakika! Na katika miezi hiyo alikuwa anamtazama Katibu kwa jicho baya, Katibu hajui kosa lake, wakafika mahali hawasalimiani sokoni. Hisa mbili zilirudi kwa siku moja. Urafiki ule ulichukua mwaka mzima kurudi. Kimya nacho kina riba, ndugu zangu.

Mnajua pia tunavyohangaika kila mwaka wa uchaguzi. Kina mama wanaojua kusoma vizuri kabisa wanakataa ukatibu. Ukiwauliza, hawasemi kazi ni nzito. Wanasema, "Nitasomaje muhtasari mbele ya watu na sauti yangu hii?" Tukihesabu kwa haki, katika mikutano yetu wasemaji ni wale wale sita au saba, na sisi tuko thelathini. Je, wengine wote hawana mawazo? Wanayo, maana tukitoka nje tunayasikia yote chini ya mwembe. (Vicheko)

HESHIMA NA KUJIFUNGA

Hapa niseme kwa uangalifu, maana nisieleweke vibaya. Wengi tulilelewa kwamba sauti ya mtoto wa kike isifike barazani. Mama zetu walikuwa na sababu zao, na upole wa sauti ni heshima, ni pambo. Sisemi tuwe watu wa kupayuka. Mwenye kelele hana neno. Lakini upole ni kitu kimoja, na kujifunga ni kingine. Mpole anasema neno lake taratibu, likasikika, likamalizika. Aliyejifunga anaondoka nalo. Ukiwa na neno la haki, na watu wakalisikia, heshima yako haijapungua hata punje.

Wapo wanaodhani uongozi unataka sauti nzito. Dunia nayo imewafundisha hivyo. Margaret Thatcher wa Uingereza, kabla ya kuwa Waziri Mkuu mwaka 1979, alipata mafunzo ya kuishusha sauti yake iwe nzito na ya polepole, kwa sababu walimwambia ni kali masikioni. Yeye alishindana katika nchi yake na kwa siasa zake. Sisi humu ndani hatuna haja hiyo. Hapa wote nyuzi zetu ni fupi! (Vicheko, makofi)

Tunaye wa kumtazama karibu zaidi. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, katika nyumba ya wafinyanzi, na husimuliwa kuwa alikuwa akitembeza vyungu kwenda kuviuza mjini. Hakuwa na ukoo mkubwa wala mali. Alikuwa na sauti. Mwaka 1928 alivuka bahari mpaka Bombay, Bara Hindi, yeye na wapigaji wake, sauti yake ikanaswa katika santuri, na ilikuwa ni Kiswahili. Santuri zile zikarudi kwa meli, zikasikika katika nyumba ambazo mwenyewe hakupata kukanyaga. Alifariki mwaka 1950. Aliyeandika wasifu wake ni mtu wa kwetu huku, Shaaban Robert, mzaliwa wa Tanga. Sasa fikirini: tangu Bi Siti afariki imepita zaidi ya miaka 70, na mtu akitaka kumsikia leo, anamsikia. Ni kwa sababu alikubali sauti yake inaswe, nzuri au mbaya kwa masikio yake mwenyewe hilo hatulijui, na haikufutwa.

TUITUNZE

Neno dogo la afya. Sauti ni kiungo, inachoka kama mgongo. Anayeuza sokoni kutwa nzima anywe maji mara kwa mara, asikae katika moshi wa kuni akiweza kuukwepa, na akipatwa na mafua akanyamaze siku mbili tatu badala ya kulazimisha. Kunong'ona kwa nguvu hakupumzishi koo, kunalichosha. Na sauti ikikauka wiki tatu bila kurudi, mama usikae unakunywa tangawizi tu. Nenda hospitali wakakuangalie koo, maana mara nyingine ni dalili ya ugonjwa unaotaka kuwahiwa.

MAPENDEKEZO

Ndugu Mwenyekiti, ili maneno haya yasiishie hapa, naomba kikundi kifikirie mambo manne.

(a) Kile kiasi cha fedha tunachokitamka mwisho wa mkutano kisitamkwe na Katibu peke yake. Kila Jumamosi atajwe mwanachama mmoja, kwa zamu, akitamke. Ni sentensi moja tu. Baada ya wiki thelathini hatabaki mtu ambaye sauti yake haijawahi kusikika humu ndani.

(b) Wanaoogopa ukatibu wajizoeze na simu. Soma ukurasa mmoja, jirekodi, jisikilize. Siku ya kwanza utakunja uso. Rudia kesho, na kesho kutwa. Sikio likiizoea sauti, mshtuko unapungua, na utaanza kusikia yale yanayofaa kurekebishwa kweli, kama kukimbiza maneno au kumeza mwisho wa sentensi.

(c) Katika grupu letu la simu, tukubaliane kwamba mwanachama akituma ujumbe wa sauti hachekwi wala haigizwi. Nimeona ujumbe mwingi umetumwa ukafutwa. Najua kwa nini, nanyi mnajua.

(d) Waanzilishi wanane waliobaki... naam, nasahihishwa na Katibu: ni tisa. Nashukuru! Mmeona? Hivyo ndivyo inavyotakiwa. (Makofi) Waanzilishi tisa waliopo, wakiwemo wale wanne waliofuta, warekodiwe kabla mwezi huu haujaisha. Wasirudishiwe kusikiliza kama hawataki. Sauti zile wahifadhiwe watoto wao na kikundi, kila mmoja nakala yake. Mama zangu, hatuwaombi mzipende. Tunaomba mtuachie. Sisi tunazipenda hivyo hivyo zilivyo, ndizo zilizotuita mkutanoni mara ya kwanza, siku ambayo hatukuwa na sanduku wala muhuri, tulikuwa na maneno yenu tu na tukayaamini.

Ndugu Mgeni Rasmi, akina mama, nisiwachoshe. Pilau linanukia na mimi sina sauti ya kushindana nalo. (Vicheko) Nawatakia miaka kumi mingine yenye heri, hisa nyingi, marejesho ya wakati, na neno la kila mmoja wenu lisikike.

Akina mama hoyee!

(Hoyee!)

Siwasikii, akina mama hoyee!

(Hoyeee!)